Chupa ya Mafuta ya Kupima

Nipeni masikio yenu. Nitayarudisha na fumbo juu yake.

Palikuwa na mji wenye chuo kikuu, na ndani yake watu watatu waliojaliwa. Dokta Mwanakombo, mhadhiri wa masoko ya mtandaoni, alijaliwa sikio la kusikiliza. Mwanafunzi wake Lusajo alijaliwa jicho la picha. Mama Siwema, mwalimu mkuu mstaafu, alijaliwa heshima: akivaa kitenge leo, kesho nusu ya mji imekivaa.

Kila masika mtaro wa mji uliziba kwa chupa za plastiki, maji yakaingia mpaka vitandani. Dokta akaweka mtandaoni picha za takataka na maonyo marefu. Akapata laiki tisa, moja ya mama yake mzazi. Loo! Lakini hakukata tamaa. Miaka miwili alisimama madukani na daftari, akiuliza kwa nini watu hununua chupa mpya kila mara, na kusikiliza, mpaka mnunuzi mmoja akamnong'oneza: "Nikija na chupa yangu kupimiwa mafuta, majirani watasema nimeishiwa." Kumbe si ujinga, ni aibu! Wasomi wote walikuwa wamepita hapo bila kuiona.

Lusajo akaja. "Shikamoo Dokta. Samahani, lakini watu hawapendi kuhubiriwa. Niachie mimi." Akaiweka kando tasnifu yake; wenzake wakahitimu, yeye akabaki. Akatengeneza video ya nusu dakika: mkono wenye bangili, chupa safi, mafuta yanashuka kama asali, maneno hakuna. Ilipendeza ajabu, ila watu wakauliza: mkono huo wa nani? Ulikuwa wake mwenyewe, na bangili ya kuazima.

Basi wakabisha hodi kwa Mama Siwema, wakamwomba aonekane yeye kwenye video. Mwezi uleule alikuwa anamwoza binti yake, na dada zake wakamjia juu: "Wakwe wakikuona unapimiwa mafuta watasema tumefilisika. Utamvunjia mtoto ndoa!" Mama akajifunga kitenge kipya. "Nimefundisha miaka thelathini na tano. Na somo hili nitalifundisha." Akaingia dukani na chupa yake, uso wazi, Lusajo akarekodi.

Wiki haikuisha, video iko kwenye kila simu. Wakwe wenyewe walikuja harusini na chupa za mafuta ya kupima, wamezifunga utepe! Masika yakaja, mtaro ukapitisha maji, na watu wakalala pakavu.

Chuo kikatoa tuzo kwa kazi hiyo. Fomu akaletewa Dokta Mwanakombo, na ina nafasi ya jina moja tu. Akiandika lake, anaupata uprofesa alioungoja miaka kumi na miwili, na mwakani anastaafu. Akiandika la Lusajo, kijana anapata ufadhili wa kumalizia masomo aliyoyaacha. Alipomuuliza Mama Siwema, mama akacheka, machozi yanamlengalenga: "Mimi, mdogo wangu, nataka tu dada zangu wasikie jina langu likitajwa kwenye kipaza sauti."

Dokta ameshika kalamu. Anawapenda wote wawili, na uprofesa anautaka, haoni haya kusema. Fomu inatakiwa leo.

Je, wewe unayenisikiliza, ungeandika jina la nani?