Aliyesoma Pipa na Alikalie

"Aliyesoma pipa na alikalie." Bibi Nakijwa alimtupia jirani msemo huo, wajukuu zake wakacheka, kisha wakamwuliza umetoka wapi. Bibi akaweka ungo wa maharage chini. Mnacheka, akasema, lakini siku msemo huu ulipozaliwa hakuna aliyecheka. Ulianza hivi.

Sifueli alirudi Ugweno kutoka Tanga, alikokuwa karani wa shamba la mkonge, na Kiingereza chake kikampa heshima kubwa. Barua zote za kijiji alisoma yeye. Neno "sijui" lilimshinda kabisa kulitamka. Afadhali ang'olewe jino.

Asubuhi moja shemeji yake Kiondo, mhunzi, alileta karakanani kwake pipa alilotaka kulikata mfuniko likinge maji ya mvua, akamwita Sifueli. Lilikuwa tupu, ila lilitoa harufu kali. Ubavuni palikuwa na neno jekundu: INFLAMMABLE.

"Shemeji, wanasemaje hapa?"

Sifueli hakuwahi kuliona neno lile. Akaona mwanzo wake, "in", unafanana na ule wa maneno ya Kiingereza ya kukanusha, akajibu palepale, "Haliwaki moto. Kata tu."

Basi kwa Kiondo kulikuwa na desturi. Pipa likilazwa likatwe mfuniko, mtu hulikalia lisibingirike, na anayelikalia ni yule aliyethibitisha kuwa ni salama. Kiondo akamwonyesha kwa kidole, akasema, "Aliyesoma pipa na alikalie," Sifueli akakaa.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia. Ile harufu ilimpanda puani. Dada yake Namsifu, mke wa Kiondo, alikuwa akivukuta moto, mtoto mgongoni, hatua sita tu kutoka pale. Je, kama nimekosea? Akajipa moyo: mimi ni msomi. Moyo ukakataa. Kiondo akachomoa motoni tindo la kukatia chuma, jekundu kama pilipili, akaanza kuja. Jasho likamtiririka Sifueli. Akiinuka, kijiji kizima kitamcheka. Asipoinuka, je?

"Tulia, shemeji, unalitikisa," Kiondo akasema.

"Ngoja!" Sifueli akaruka chini, akasimama kati ya tindo na pipa. "Usilisogeze! Sijui. Neno lile silijui, nilibahatisha tu!"

Kiondo akarudi nyuma. Akarudisha tindo motoni, wakalibingirisha pipa mbali, kisha akachovya kitambaa katika mafuta machache yaliyobaki ndani yake na kukitupa motoni. Moto ukalipuka hadi darini. Namsifu akamkumbatia mwanawe, akalia kwa sauti. Sifueli naye akalia, mbele ya majirani waliokimbilia moto.

Kesho yake akaenda kwa padri mwenye kamusi nene. Akaambiwa neno lile lina asili ya Kilatini, na mwanzo wake haukanushi kitu. Asili yake ni kutia moto. Maana yake ni kitu kinachoshika moto upesi. Wengi huchanganyikiwa nalo, padri akasema, hata Waingereza wenyewe.

Barua ziliendelea kuletwa kwa Sifueli, naye mara kwa mara alisema, "Hapa sijui."

Kwa hiyo wajukuu zangu, Bibi akasema, msemo huu si tusi. Anayeambiwa hivyo anapewa nafasi ya kuinuka kabla tindo halijafika. Aliyesoma pipa na alikalie.