Kikopo cha Ugoro na Ufunguo wa Stoo

Sogeeni niwasimulie, ila aliyetoka kula sasa hivi akae karibu na mlango. Hadithi hii inatia kinyaa, na mimi siwezi kuisafisha.

Huko Korogwe palikuwa na karakana ya Bi Hidaya, ambako vyuma vilivyoshika kutu vilitumbukizwa kwenye mahodhi ya tindikali vikatoka vinang'aa. Watu watatu walifanya kazi hapo. Mwajabu alikuwa na vidole: akipapasa bomba, anakwambia limepungua unene kiasi gani. Kupaza alikuwa na subira ya kukaa na chungu cha dawa za karakana mpaka kimtii. Na mzee Shekiondo, sijui nimsifu kwa lipi, alikuwa na mdomo uliojaa ugoro tangu asubuhi mpaka saa ya kutoka.

Shida ilikuwa tindikali yenyewe. Ikimaliza kutu haishibi, inaendelea kula chuma. Mabomba ya kisima cha kijiji kimoja yalirudishwa yametoboka kama chujio. Bi Hidaya akatangaza, "Atakayeizuia tindikali isinilie chuma, nampa ufunguo wa stoo."

Stoo ilikuwa ng'ambo ya uwanja, ina dirisha na kiti, na ilihitaji mtu mmoja tu. Mwajabu aliutaka ufunguo ule kuliko kitu chochote. Miaka mitatu ya mvuke wa tindikali ilikuwa imemharibu kifua, na daktari alimwambia atoke humo kabla hajaanza kukohoa damu.

Sasa msikie uchafu wa Shekiondo. Alikuwa na kikopo cha kutemea mate. Kila akimaliza kazi alitakiwa akakimwage shimoni, nyuma ya karakana. Hakwenda. Alikimwaga kwenye hodhi dogo la tindikali ya kusafishia viungio vya mabomba, ute mweusi mzito, kisha akajifuta midevu kwa kiganja na kuwapa wenzake mkono wa kwaheri. Miezi minne! Hakujua anafanya nini, na hakujali.

Mwajabu alipogundua, alichefukwa hadi machozi yakamtoka. Akaopoa kiungio kimoja ili akamwonyeshe Bi Hidaya ushahidi, mzee afukuzwe. Kilikuwa kimevaa utelezi wa kahawia. Akakisuuza, akatoka nje akatapika, akarudi akakipapasa. Vidole vikamwambia jambo la ajabu: kutu imekwisha, lakini chuma hakijapungua hata kidogo. Akaopoa cha pili na cha tatu, vilevile.

"Mate ya yule mzee yanakilinda chuma," alimwambia Kupaza, akisikia aibu kwa maneno yake mwenyewe.

"Si mate, dada. Ni tumbaku," Kupaza akajibu. "Lakini hatuwezi kumkalisha mzee wa watu atemee mahodhi yote."

Kupaza akaenda kuzoa vikonyo vya tumbaku vilivyotupwa na wakulima, vimeoza, vina funza. Akavichemsha, akachuja kwa kanga kuukuu, akamimina kwenye tindikali. Chungu cha kwanza hakikufaa kitu. Cha nne kilikuwa kizito mno, hata kutu ikagoma kutoka. Mkewe alimtolea mkeka alale uani kwa uvundo. Chungu cha tisa kikakubali: maji yale yalitandaza utando mwembamba juu ya chuma, tindikali ikala kutu na kuishia hapo. Mabomba mengine ya kisima yakatoka mazima.

Bi Hidaya akawaita wote watatu, akauweka ufunguo juu ya pipa.

"Bila kikopo changu mngejua nini?" Shekiondo akauliza, ugoro ukimchuruzika kidevuni.

"Ulikuwa unachafua tu, mzee wangu," alisema Mwajabu. "Mimi ndiye niliyeushika uchafu wako nikautambua."

"Umesema mwenyewe uliopoa kiungio ili umshtaki mwenzio," Bi Hidaya akamkumbusha. "Bomba langu hukulifikiria."

Na hilo lilikuwa kweli.

"Na mimi niliyepika?" akauliza Kupaza.

"Wewe ukihamia stoo, nani atapika?" Bi Hidaya akasema, na Kupaza akaona anaadhibiwa kwa kuweza kazi.

Shekiondo akanyoosha mkono wake uliolowa mate kuelekea ufunguo. Ingawa Mwajabu alijua atautaka ufunguo ule hata baada ya mkono ule kuugusa, aliukinga kwa kiganja, na kikohozi kikamshika papo hapo.

Bi Hidaya hakukata neno, na mimi simkatii. Mmoja aliuleta uchafu bila kujua, mmoja aliutambua akiwa na nia mbaya, mmoja akaufanya dawa. Msiniambie nani mnamwonea huruma, wala nani anawatia kinyaa. Niambieni nani anastahili: ufunguo ungekuwa mkononi mwako, ungempa nani?