Chakula Kilichobaki Mlangoni

Wamesimulia wema waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa Iraki alikuwako mcha Mungu akiitwa Nuaimu bin Khalafu, msusi wa majamvi. Alichokichunga kuliko chochote ni ikhlasi, kutenda kwa ajili ya Mungu peke yake. Sadaka yake haikujulikana na mtu ila mkewe. Akihisi tu kwamba imejulikana, hulia kama aliyeibiwa.

Pembezoni mwa mji huo alikaa mzee Jundubu. Tauni ilikuwa imemchukulia mke na watoto wote, ikamwacha yeye na miguu isiyo na nguvu. Watu wakaiogopa nyumba yake. Hata tauni ilipokwisha, hofu yao haikwisha. Mpita njia akifika pale huvuka upande wa pili.

Nuaimu akanuia kumlisha. Akachagua wakati wa kailula, jua la mchana linapowalaza watu na njia zikawa tupu. Huweka bakuli kizingitini, hugonga, kisha hutimua mbio akajibanza nyuma ya ukuta. Mlango ukifunguka na mkono ukalichukua bakuli, humshukuru Mola wake akaenda zake.

Siku zikapita, bakuli likaanza kurudishwa kizingitini na nusu ya chakula. Nuaimu akadhani kasoro iko kwenye mapishi, akamwambia mkewe, Bi Unaisa, azidishe samli. Akazidisha. Chakula kikabaki zaidi. Akanunua nyama, akanunua na tende nzuri ambazo nyumbani kwake mwenyewe haziliwi. Wapi! Hata siku moja akalikuta bakuli la jana pale pale, limejaa sisimizi.

Akaweka jingine, akagonga. Akasikia sauti dhaifu kutoka ndani: "Wewe unayegonga, ngoja. Ngoja kidogo, mwanangu."

Je, alingoja? Hakungoja! Alikimbia, ndugu zangu, huku akijiambia, "Akiniona uso, thawabu yangu imekwenda."

Alipofika nyumbani akitweta, akamweleza mkewe. Bi Unaisa akamwuliza:

"Hebu niambie, bwana. Umewahi kumwuliza anaendeleaje?"

"Nikimwuliza atanijua."

"Na akikujua?"

"Ikhlasi yangu, Unaisa!"

"Ikhlasi yako, thawabu yako, wewe na wewe tu. Basi huyo mzee yuko wapi katika sadaka hiyo? Mche Mungu, bwana. Rudi ukaingie ndani."

Neno lile lilimchoma. Akarudi kwenye jua lile lile, akasukuma mlango. Akamkuta Jundubu amelala juu ya jamvi bovu, amekonda, mbavu zinahesabika.

"Asalaam aleikum, ami."

Mzee akageuza uso taratibu. "Waaleikum salaam. Ndiwe unayekimbia?"

"Ndimi."

"Nilidhani nanuka," mzee akasema. "Nilidhani hata anayenilisha ananiogopa. Chakula chako kilikuwa kizuri, Allah akulipe. Lakini kula peke yangu nikiutazama ukuta, tonge likawa halishuki. Nikisema ni kitamu, namwambia nani? Kila mchana nikikungoja uingie. Mwisho nikachoka kungoja."

Nuaimu akalia kilio cha mtoto. Kisha akanawa, akamnawisha mzee, akamega mkate. Akala yeye tonge, akamlisha mwenziwe tonge. Mzee akatafuna, akameza, akauliza, "Unaitwa nani?" Nuaimu akamtajia jina lake, lile alilolificha kwa bidii yote ile. Mzee akalitamka polepole, akatabasamu. Lakini mwili ulikuwa umekwisha, hakuweza tonge jingine. Jua halijazama akakata roho, mkono wake umo mkononi mwa Nuaimu.

Waliokuja kumwosha waliliona lile bakuli la sisimizi mlangoni, wakasimulia. Makaburini watu wakanong'ona, "Ni nani huyo aliyekuwa akimlisha kwa siri? Bila shaka ni walii." Angenyamaza, sifa hiyo ingebaki yake milele, na siri yake pia. Nuaimu akasimama kando ya kaburi, akasema, "Ni mimi. Wala msiniombee thawabu, niombeeni msamaha. Nilimletea chakula, nikamwacha afe kwa upweke."

Kila aliyekuwapo alikumbuka alivyokuwa akiivuka njia ile.

Ndugu zangu, kuficha sadaka ni jambo jema, wala sisemi vinginevyo. Lakini Mola alipomwumba mwanadamu hakumpa tumbo peke yake. Amempa na moyo unaotaka kuitwa kwa jina, kuulizwa umeamkaje, kuketi na mwenziwe kwenye sahani moja. Moyo huo ukikosa chakula chake, hata tumbo hukataa chake. Allah amrehemu Jundubu, amsamehe Nuaimu, na atuhurumie sisi tunaoishi ukuta kwa ukuta na watu tusiowajua hata majina.