Kibuyu Kilichozunguka Zizini

Neno la moyoni halifungi zizi.

Vijana waliisikia methali hii kwenye kikao cha posa, mjomba mmoja alipokataa kutoa maoni yake. Waliporudi nyumbani wakamuuliza Bibi Sake imetoka wapi. Bibi alikuwa akifukiza vibuyu vya maziwa kwa moshi, wala hakuacha kazi yake. Alisema chanzo chake ni nyanda za Laikipia, katika ranchi ya ng'ombe na farasi ya watu wa Galgalo, na ilianza hivi.

Kila asubuhi Qabale, kitinda mimba wa nyumba ile, alimsugua kwa brashi farasi jike aliyeitwa Kijivu, kisha akamtandika na kuzunguka naye ua kutazama kama kuna waya uliokatika. Siku hiyo alikuwa bado anamsugua shingo, baba yake, Wario, alipotokea mlangoni mwa banda.

"Acha hiyo brashi, mama. Njoo zizini."

Wario hakuwahi kumwachisha mtu kazi ya farasi. Qabale akamfuata, brashi ingali mkononi.

Ranchi ile waliachiwa na babu yao Galgalo. Alianza kama mtunza farasi wa mzungu mmoja, akilipwa ndama badala ya mshahara, mpaka ndama wale wakazaa kundi, na kundi likazaa ardhi. Bwawa alilichimba kwa mikono yake. Alikuwa mtu aliyechukia ugomvi, kwa hiyo aliweka desturi. Jambo kubwa likitaka kuamuliwa, watu husimama zizini na kibuyu cha maziwa. Mkubwa hutoa shauri, kisha kibuyu huanzia kwa mdogo kabisa, asije akafuata macho ya wakubwa. Anayekubali hunywa. Asiyekubali hukirudisha vilevile, na shauri huvunjika hapo hapo bila kuulizwa sababu. Tangu Galgalo azikwe, hakuna aliyewahi kukirudisha.

Ukame ulikuwa umekaa kama mgeni asiyeaga. Bwawa lilikuwa nyufa tupu. Ng'ombe walilala jioni wakashindwa kusimama asubuhi, na Jattani, kaka yake Qabale, alikuwa akiwainua kwa mikia huku akilalamika mabega.

"Kuna mtu wa mjini," Wario alisema, akizitazama kwato za ng'ombe. "Anataka ardhi, ng'ombe na farasi, vyote pamoja. Naona tumpe. Nanyi mpumzike."

Akampa Qabale kibuyu.

Neno la kukataa lilimfikia Qabale ulimini. Lakini alimwona baba yake ameegemea nguzo ya zizi, akadhani ni uchovu. Akadhani akikirudisha kibuyu atakuwa amemhukumu mzee aanguke pamoja na ng'ombe wake, mmoja baada ya mwingine. Akanywa. Jattani alimtazama kwa muda mrefu, naye akanywa. Wario akamalizia, akafuta mdomo kwa kiganja.

"Basi," akasema.

Malori yakaja. Kijivu alikataa kupanda, wapakiaji wakaleta fimbo.

"Msimpige!" Qabale akamshika singa za shingo, akapanda naye mpaka ndani ya lori, kisha akashuka peke yake. Zizi likaachwa wazi, maana hapakuwa tena na mnyama wa kufungia ndani.

Walipanga chumba cha mabati pembezoni mwa Nanyuki. Wario aliamka alfajiri kama zamani, akavaa buti, kisha akakaa kitandani mpaka jua likawa kali. Chakula alikigusa tu. Ndipo mchana mmoja mvua ikanyesha, mvua ya kupasua mabati.

"Bwawa linajaa sasa hivi," Jattani alisema. "Mwenyewe mpya anacheka."

"Si ulikuwa umechoka wewe?" Wario akamrukia. "Kila siku mabega, mabega!"

"Nililalamika mabega, Baba. Niliwalalamikia ng'ombe lini? Nilikunywa kwa sababu huyu alikunywa. Nikasema, Qabale akikubali kumwacha Kijivu, basi kweli yamekwisha."

Wario akamgeukia binti yake. "Na wewe, mama?"

"Wewe ndiye uliyesema tumpe."

"Nilisema ili mmoja wenu akirudishe kibuyu!" Sauti ya mzee ilikatika. "Ningewaombaje mwendelee kuteseka kwa ajili yangu? Nilitaka mnikatalie. Nilikuwa nimesimama pale nangoja mnikatalie."

Nje maji yalikuwa yakipita barabarani, mekundu, yakienda zao bondeni. Qabale akafungua mdomo, na neno aliloliweka miezi yote ile likatoka kwa sauti ambayo hata yeye hakuijua, ikaishinda mvua.

"Sikutaka kuuza, Baba! Sikutaka! Hata siku moja sikutaka!"

Wario akamvuta, akamlaza kichwa begani.

"Sasa unaniambia," akasema polepole. "Sasa sote tunaambiana. Neno la moyoni halifungi zizi, mama."