Nondo za Bi Mashavu

Hapo zamani, si zamani sana maana simu zilishafika, palikuwa na mjane aitwaye Bi Mashavu. Nyumba yake ilikuwa ya chini tu, lakini juu yake nondo zilichomoza, kwani marehemu mumewe aliapa iko siku atapandisha ghorofa. Siku haikufika, na mjane hakuwa na moyo wa kuzikata.

Mwaka huo halmashauri ikatangaza: hati za kodi ya majengo hazibandikwi tena milangoni, zinatumwa kwa simu. Mwenye kuona kosa alalamike ndani ya siku thelathini. Bi Mashavu hakuwa na simu, akaandikisha namba ya jirani yake, Shekue.

Mpimaji Mhina akapita na pikipiki. Akaziona nondo, hakushuka, akaandika: ghorofa. Hati ikaingia kwa Shekue, naye, kwa kuchoshwa na ujumbe wa bahati nasibu, hakuifungua. Aliifungua siku ya ishirini na nane, akamkimbilia mjane nayo. Kodi ya ghorofa mjane hakuiweza, na asipolipa, nyumba inafungwa.

Bi Mashavu hakutulia. Aliingia, akatoka, akagusa ukuta, akaingia tena. Mwisho akaapa mbele ya majirani: "Atakayeniokolea nyumba hii, chumba cha mbele ni chake, afungue duka."

Fundi Semkiwa akapanda na msumeno, akakata nondo zote, huku mjane akilia chini. Shekue akapiga picha, na mtandao ulipogoma akaenda nayo mjini kwa miguu. Mkubwa wa ofisi akasema picha haitoshi, mpaka mpimaji mwenyewe akiri. Mhina akakiri kwa maandishi. Kosa likasahihishwa siku ya thelathini, na Mhina akafukuzwa kazi.

Kesho yake wote watatu wako mlangoni.

Shekue akasema, "Bila miguu yangu siku zingekwisha."

Semkiwa akasema, "Bila msumeno wangu, mwakani wangeandika ghorofa tena. Na katika sisi, mimi pekee sikukosea."

Mhina akasema taratibu, "Wenzangu wametoa jasho. Mimi nimetoa kazi yangu, na nina watoto."

Bi Mashavu akawatazama. Mmoja alikalia ujumbe wake. Mmoja alimwandikia uongo. Na yule asiye na kosa ndiye aliyeikata ndoto ya mumewe.

Haya, msinitazame mimi. Chumba ni kimoja na kiapo ni kiapo. Je, mngekuwa ninyi, mngempa nani?