Aliyepima Asubuhi

Mtu mmoja alikuwa na mwana aliyekaa Uarabuni miaka sita bila kusemeshana naye. Baba huyo jina lake Kondo, fundi seremala, mgumu wa kutoa hela na mgumu zaidi wa kurudi nyuma. Mwana wake Sefu aliondoka nyumbani kwa maneno makali, na baba akaapa kwamba hatakuwa wa kwanza kumtafuta.

Jumatatu moja kijana akamwandikia mama yake, Mwajabu. Ijumaa alfajiri atafanyiwa upasuaji wa moyo. Kesho analazwa hospitalini, na Alhamisi saa moja jioni ataruhusiwa simu kwa nusu saa, kisha wataichukua. Anataka amwone baba yake uso kwa uso, amwombe radhi.

Kondo alisoma, akalia. Nawaambia alilia kweli, na palepale alikwishamsamehe. Lakini hakupiga simu siku hiyo. Alisema jambo zito kama hili halifanywi kwa bando linalokatika katikati ya salamu. Acha kwanza atafute intaneti ya nyumbani, iliyo imara.

Muuzaji wa kwanza alikuwa na waya wa faiba: bei ya juu kila mwezi, lakini kasi haiyumbi. Wa pili alikuwa na dishi la setilaiti: kifaa chenyewe bei ya ng'ombe, na mvua kubwa ikinyesha linasuasua. Wa tatu alikuwa na antena ya juu ya paa, inayovuta kwenye mnara mmoja pamoja na mtaa mzima. Bei yake nusu ya waya, na kasi iliyoandikwa ni ileile, ila mbele yake palikuwa na neno dogo, "hadi". Kondo akazipanga karatasi tatu mezani, akalinganisha bei kwa bei, kasi kwa kasi. Akachukua ya tatu. Nani kati yetu asingeichukua?

Jumanne saa nne asubuhi, akiwa na chai yake, akapima kasi kwenye simu. Mshale ukapanda mpaka mwisho. Jumatano vilevile, na Alhamisi vilevile. Alitoka nje kumtafuta jirani wa kumwonyesha, akakuta milango imefungwa, watu wako kazini. Hilo nalo halikumfikirisha.

Jioni mtaa ukarudi nyumbani. Huyu akafungua mpira, yule tamthilia, watoto michezo yao, wote kwa mnara uleule. Saa moja simu ikaita. Uso wa Sefu ukatokea, umekonda. Akafungua kinywa, akasema "Baba", na picha ikaganda, kinywa kiko wazi.

Kondo akaita. Akaizima antena, akaiwasha. Akakumbuka bando, lilikuwa limekwisha tangu juzi na hakununua jingine, maana nyumbani kuna intaneti. Akarekodi ujumbe wa sauti, maneno manne tu, akautuma. Kiduara kikazunguka, kikazunguka. Saa ilikuwa imeshapita moja na nusu jioni ndipo ujumbe ukaondoka, ukaonyesha tiki moja. Simu ya kijana ilikuwa imeshazimwa.

Mwajabu hakumgombeza. Aliuliza neno moja.

"Baba Sefu, na jioni uliipima lini?"

Kulipokucha tiki ilikuwa bado moja, na kule kijana alikuwa ameshaingizwa chumba cha upasuaji. Msiniulize kilichofuata. Mimi mwenyewe nikifika hapa naogopa kuuliza.

Kila mmoja wenu ameniambia kwamba moyo wake ni mwepesi wa kusamehe, nami sina sababu ya kubisha. Nataka kujua kitu kimoja tu: mliupima saa ngapi?