Wakili wa Miguu ya Sultani

Palikuwa na Sultani mmoja, Badru wa Kingoji, ambaye tangu azaliwe hajapata kujifunga kikoi mwenyewe. Wengine walimfunga. Wengine walimpepea, wengine walimlisha. Akitaka kwenda msikitini, pua na mdomo na mlango wake, alibebwa kwa machela, na wabebaji walifika wamelowa chapachapa. Hata ndoa zake alifungiwa na wakili. Yeye alikuwa ndani anakula halua.

Sasa halua ni tamu, lakini ina kisirani. Sultani akashikwa na kiu isiyokatika. Macho yakaingia ukungu, nyayo zikawaka moto, na kidonda kidogo cha kidole cha mguu kikakataa kupona. Akaitwa tabibu kutoka mji wa mbali.

"Bwana, una ugonjwa wa sukari," tabibu akasema. "Dawa nitakuachia, lakini peke yake haitoshi. Tembea kila asubuhi. Acha halua. Kula mboga, kunde, uji wa mtama. Lala mapema."

Kisha akapanda punda wake akaenda zake upesi, maana jicho la Sultani alikuwa amekwisha kuliona.

Sultani akaitisha baraza. "Kadhi! Wakili akitenda, nani katenda?"

Kadhi alikuwa mtu mpole aliyeipenda kazi yake. "Katenda mwenyewe, Bwana."

"Basi nataka wakili. Atembee kwa niaba yangu, na hayo majani ayale kwa niaba yangu."

Mtu mmoja tu akaangua kicheko. Alikuwa Bi Nunu, mjane muuza vitumbua, mwenye magoti mabovu na ulimi mzima.

"Nani huyo anacheka?"

"Mimi, Bwana wangu. Nilikuwa nawaza, nikishikwa na njaa nimtume jirani akale."

"Vizuri! Wakili nimempata. Ni wewe."

"Mimi? Na magoti haya? Sitaki, Bwana."

"Katika mji huu, aliyewekwa wakili hakatai."

"Sheria hiyo yangu peke yangu, au ya wote?"

"Ya wote, mkubwa kwa mdogo. Kadhi, umesikia?"

"Nimesikia, Bwana."

"Na mwezi wa Maulidi ukiandama sijapona," Sultani akaendelea, "kuna kifungo. Kila alfajiri utapanda kilima na mtungi wa maji. Utalima shamba langu. Utakula mchicha na uji wa mtama usio na sukari. Na hakuna kutoka mpaka ugonjwa uishe."

Nyumbani Bi Nunu alikuwa na wajukuu, mayatima, waliomtegemea yeye na kikaango chake. Akifungwa yeye, nani atawapikia? Ulimi umemponza, na safari hii aliogopa kweli.

Kesho yake akaanza. Asubuhi anakwenda chemchemi ya kilimani na kurudi, akijikokota na kuyalaani magoti yake. Mchana anakula mchicha na kunde. Jioni anapita kwa Sultani kutoa habari.

"Pole na kazi, Bwana wangu. Leo umefika mpaka chemchemi."

"Mbona miguu inaniuma?" Sultani akauliza, halua mdomoni.

"Si umepanda kilima!"

"Na nimekula nini?"

"Mchicha. Umeupenda, ukaongeza."

"Mbona sikusikia ladha yake?"

"Itakuwa imekutana na halua njiani, ikaona haya."

Siku zikasonga. Magoti ya Bi Nunu yakapata nafuu, pumzi ikamrudia, na kanga iliyokuwa haikutani kiunoni ikaanza kubaki. Majirani wakamuuliza kama anatafuta mchumba. Sultani naye akazidi kufura, na machela ikaongezwa wabebaji.

Siku moja Bi Nunu akakuta kidonda kinafungwa kitambaa kipya. Kilikuwa kimeshapanda kidole chote. Akakiangalia, moyo ukamwuma.

"Bwana wangu, inuka twende sote. Mpaka mlangoni tu."

"Nina wakili."

"Wakili hana kidonda, Bwana."

"Toka!"

Akatoka. Alimhurumia kwa dhati.

Mwezi wa Maulidi ukaandama. Watu wakajaa barazani. Sultani akaletwa, akatuliwa, akakaa anahema kana kwamba yeye ndiye aliyebeba.

"Sijapona," akasema. "Mfungeni."

Askari wakamshika Bi Nunu mkono.

"Kifungo nimekikubali," akasema. "Ila nina swali moja kwa Kadhi. Hukumu ni ileile? Mtungi, jembe, mchicha na uji wa mtama?"

"Ileile," Kadhi akajibu.

"Na wakili akitenda?"

"Katenda mwenyewe."

"Na kuweka wakili ni haki ya Sultani tu?"

Kadhi akamtazama Sultani. Sultani akapandwa na hasira. "Nilikwisha kusema! Sheria ya wote, mkubwa kwa mdogo! Neno langu silirudishi!"

"Na aliyewekwa?"

"Hakatai! Unapoteza wakati, mwanamke. Mimi naumwa."

"Najua, Bwana wangu, na ndiyo maana nimekuchagua wewe," Bi Nunu akasema, akiutoa mkono wake taratibu kwenye mkono wa askari. "Mimi nilitembea kwa niaba yako. Nawe kafungwe kwa niaba yangu. Na usihofu, hukumu umeikata mwenyewe: siku utakayopona, watakufungulia."